Chenga Katikati ya Kioo

Machi 4

Radi imeua runinga. Haikugusa paa wala mti wa jirani. Imepita kwenye waya wa antena kama mgeni aliyeelekezwa vizuri, ikaingia sebuleni, ikaunguza runinga ya kaka peke yake. Redio iliyo kando yake haina hata mchubuko. Nimeifungua, ndani inanuka nywele zilizoungua. Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme, nimejifundisha kwa kuharibu vya watu, na maiti nikiiona naijua.

Kaka kasimama mlangoni bado na sare ya udereva, inamchuruzika maji. Hakuuliza nani kaumia.

"Sasa na mechi yetu?"

Kila jioni, akishawashusha wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni na kuliegesha basi, tunacheza mpira kwenye mashine ya gemu ambayo mteja aliniachia niitengeneze, asirudi tena. Kaka ana miaka hamsini na minne, mimi arobaini na saba. Shemeji anatuita wanangu wa kwanza. Kaka ananifunga tangu nilipohamia chumba chake cha nyuma, mwaka wa tatu huu, na ananifunga kwa kelele.

Machi 6

Kiwandani wametupa kioo cha kompyuta, kaka kakileta kwapani kama mkate. Kinafaa, ila mashine yetu ilizoea zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, na kioo hiki hakina matundu hayo. Nimetafuta adapta. Kioo hakina spika pia, kwa hiyo sauti nimeipeleka kwenye redio kwa waya wake peke yake.

Picha imetoka. Wachezaji wote wamenenepa. Refa anafanana na jokofu.

Machi 7

Mvua.

Machi 9

Nimewapunguza unene. Nimeacha mistari miwili myeusi pembeni na mpira sasa ni wa mviringo, si yai. Lakini picha bado ina ukungu, na sababu naijua. Mashine inatuma mistari michache, kioo kina mistari mingi. Ile inayopungua, kioo kinajaza kwa kubuni. Kinaangalia jirani wa kulia na wa kushoto, kinakisia wa katikati.

Nimemweleza kaka yote hayo. Kajibu, "Mimi naona chenga tu. Hapa katikati."

"Chenga kweli? Zile za runinga ya antena?"

"Chenga ni chenga, fundi. Kuna ngapi?"

Nimemfunga mbili kwa moja. Mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Nimeandika hapa ili iwepo kumbukumbu rasmi.

Machi 12

Nimegusa mwanga, nimegusa rangi. Nyeusi ilikuwa kama chai ya maziwa, sasa ni nyeusi. Shemeji kapita na ndoo, kasimama, kasema, "Eh, mpaka nyasi zinaonekana!"

Kaka: "Katikati chenga."

Tatu kwa moja.

Machi 13

Mvua. Basi lilichelewa. Kaka anasema vifutio vya kioo cha mbele vimechoka.

Machi 15

Leo nimenunua waya wa HDMI kwa muuza nyaya wa kona, anayeapa kwa jina la mama yake kuwa si wa bandia. Kioo kina tundu lake, na mashine nayo ina lake kwa nyuma, adapta nimeitupa. Sasa niseme jambo ninalolijua kama ninavyoijua sabuni ya kuogea. Waya wa namna hii hauna chenga. Ama picha inafika ama haifiki. Chenga ni mambo ya antena na upepo.

Picha imekuwa kali hadi nimeona mshono wa jezi.

"Vipi?" nikamuuliza.

Kaka kageuza shingo kidogo, akakitazama kioo kwa upande, kama mtu anayemdharau mdeni wake. "Bora. Lakini chenga bado."

Nne kwa moja. Nikaanza kuelewa. Mtu akizoea kushinda, kushindwa lazima kuwe na fundi wake wa kulaumiwa.

Machi 19

Kaka ana tabia mpya, anashambulia pembeni tu. Mpira ukifika katikati anaupoteza. Anapiga kelele, "Namla chenga! Namla chenga!" na aliyempita ni mwenzake. Neno lenyewe linanichekesha. Siku hizi katika nyumba hii chenga ni ugonjwa wa kioo na ni ufundi wa miguu, na kaka anao wa kwanza bila wa pili.

Machi 20

Ananipa simu nimsomee ujumbe. "Mikono ina mafuta." Mikono yake ilikuwa mikavu kama karatasi.

Machi 26

Nimefanya ujanja, na ninajivunia. Kaka aliporudi nilijifanya nainuka nyuma ya kioo, jasho linanitoka. "Nimebadilisha waya wote, huu mpya kabisa, umetoka nje ya nchi." Sikubadilisha hata vumbi.

Kaka kaketi. Katazama kwa upande. Akasema polepole, "Ehee. Sasa safi. Sasa fundi umefanya kazi."

"Chenga?"

"Zimekwisha."

Tano bila. Nikamwacha aongee mwenyewe na rimoti ya gemu. Nimeupata ushahidi: mtu mzima, baba wa watu, anasingizia waya.

Aprili 2

Shemeji kaniambia uwani, huku anaanua nguo kabla mvua haijarudi, "Shem, kaka yako kanisalimia njiani jana kama mpita njia. 'Habari za leo, mama.' Mimi! Mke wake wa ndoa!"

"Labda kakutania."

"Nilidhani hivyo. Nikamjibu kwa madaha. Alipoisikia sauti yangu akastuka."

Tumecheka wote wawili.

Aprili 3

Mvua.

Aprili 4

Mvua. Kaka kakwaruza ubavu wa basi kwenye geti la kiwanda. Anasema geti ndilo lililosogea.

Aprili 5

Kaka tena kaanza: "Ile waya mpya imechoka mapema." Nimemwambia kinagaubaga kuwa waya haichoki, binadamu ndiye anayechoka. Kaomba kazi moja tu, nimtafutie kioo kingine, hata cha kuazima.

Mwezi ujao anahuisha leseni. Daktari wa kiwanda huwa anasaini fomu bila kuinua kichwa. Kaka kaliuliza hilo mara mbili wakati wa kula: siku hizi bado anasaini vilevile? Nami ninajuaje?

Aprili 12, Jumapili

Nitaandika yote kwa utaratibu, kwa sababu nikiyaacha nitaanza kuyarekebisha.

Mchana mvua ilikuwa kubwa, tukafunga madirisha ya mbao. Shemeji alikwenda kumwona dada yake. Mimi nilikuwa chumbani kwangu nachomelea redio ya mtu. Kutoka sebuleni nilisikia mechi, mtangazaji anabwabwaja, umati unapiga kelele, kaka anacheza na mashine peke yake. Baada ya muda nikagundua kuwa kaka haongei. Kaka kucheza bila kuongea ni kama mvua kunyesha bila maji.

Nikaenda. Sebule ilikuwa giza, taa haikuwashwa. Kioo kilikuwa cheusi. Kimezima kabisa, hakuna hata lile andiko la kusema hakuna picha. Kaka kaketi mbele yake, mgongo umenyooka, rimoti mikononi, vidole vinakwenda. Redio ikasema kuna kona, naye akabonyeza kitufe cha kona.

Nikafikiri ni mzaha. Nikasubiri ageuke acheke. Hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na uso wenyewe umetulia kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

"Kaka."

"Naam."

"Unafanya nini?"

"Namalizia kipindi cha pili."

"Kioo kimezima."

Vidole vikasimama. Redio ikaendelea peke yake, mtu akafunga goli, sijui nani.

"Kioo?" akasema. "Kioo ndicho kilichozima?"

Nikapeleka mkono nyuma. Waya wa picha ulikuwa umelegea kwenye tundu, pengine nilipofagia asubuhi. Nikausukuma. Picha ikarudi na nyasi zake zote. Kaka kashika kichwa kwa mikono miwili, kaanza kucheka, kacheka hadi kakohoa. "Kumbe waya! Mungu wangu, kumbe ni waya!"

"Wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani ndiyo yamekata."

"Nini yamekata?"

"Macho, mdogo wangu. Nilijua yatakata siku moja. Nikasema basi ni leo, acha nimalizie mechi kwanza, ndipo nikuite."

Nikakaa chini. Nikamwomba anieleze, naye akanieleza huku ananitazama sikioni. Katikati hakuna kitu, alisema. Kuna kama vumbi jeupe linalocheza. Akimtazama mtu usoni, uso haupo. "Wewe sasa hivi masikio ninayo. Sura sina."

"Hujapoteza kitu."

Kacheka tena, kidogo.

"Tangu lini?"

"Kabla ya runinga kuungua."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nasema kila siku. Nilikuwa nasema chenga." Kapapasa rimoti, kaiweka juu ya goti. "Runinga ilipoungua nilifurahi. Nikajiambia, labda ilikuwa runinga. Ukaja na kioo, nikasema labda ni adapta. Kila siku unakuja na jambo jipya, nami najiambia labda ndilo hili. Wewe hujui ulivyokuwa unanisaidia."

Nikamuuliza kuhusu siku ile ya waya uliotoka nje. Nilimwambia picha safi, naye akasema safi. Kwa nini?

"Ulikuwa umelowa jasho," alisema. "Ningekuvunja moyo vipi?"

Aprili 13

Kaenda kazini. Nilisimama mlangoni. "Kaka, una watu sitini mle ndani."

"Barabara ile nimeipita miaka kumi na tisa. Inanijua."

"Wanaovuka hawakujui."

"Pembeni naona. Na utingo yupo. Usimwambie shemeji yako. Nikishaipata leseni tutakwenda hospitali kubwa, watanipa miwani, mambo kwisha."

Kazunguka basi akalishika ubavu kwa kiganja mpaka akaufikia mlango. Zamani nilidhani analipenda.

Aprili 15

Nimepanda basi leo. Nimejisingizia nina kifaa cha kununua karibu na kiwanda. Nikakaa kiti cha nyuma ya dereva.

Utingo wake wanamwita Kengele kwa sababu hugonga bati la basi badala ya kupiga mbinja. Ni mtu mzima, mvi tupu, wamefanya kazi pamoja tangu basi lilipokuwa jipya. Kazi ya utingo ni kufungua mlango na kuhesabu watu. Leo alisimama kando ya dereva, mkono juu ya kiti, akiongea bila kupumzika, sauti ya chini, kama mtangazaji wa mpira anayeogopa kuamsha mtoto.

"Baiskeli kushoto, inakwenda. Mbele peupe. Peupe. Lori linakuja, limebaki upande wake. Taratibu, dimbwi. Peupe, bosi. Peupe."

Abiria walikuwa wanasinzia. Walioamka walidhani wazee wawili wanapiga soga.

Karibu na soko Kengele alikohoa. Alikohoa tu, mtu ana haki ya kukohoa. Katika kikohozi hicho mwanamke mwenye mwavuli wa njano akaingia barabarani, katikati kabisa, mahali ambapo kaka ana vumbi jeupe. Niliona mwavuli unakua. Kaka alikuwa anautazama moja kwa moja, na mguu wake haukusogea.

"SIMAMA!"

Sikumbuki ni mimi au Kengele. Basi liliteleza, watu wakaanguka mmoja juu ya mwingine, mtu akamtukana mama wa mtu. Mwanamke alipiga boneti kwa kiganja, mara mbili, akaokota kiatu chake na kuondoka.

"Mvua imeziba kioo," kaka aliwaambia abiria.

Mvua ilikuwa imekatika nusu saa nyuma.

Aprili 16

Nimekwenda kwa mkuu wa usafirishaji wa kiwanda. Niliingia na sanduku langu la vifaa ili ionekane nimekuja kutengeneza feni. Nilimwambia yote kwa dakika tatu. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamjibu kuwa natengeneza picha, najua picha ikiwa mbovu na jicho likiwa bovu. Uongo. Ilinichukua wiki tano.

Nilimwomba asinitaje. Feni nimeitengeneza kweli, ilikuwa inapiga kelele.

Aprili 17

Mvua. Kaka kaitwa ofisini. Amepewa barua: asiguse basi hadi apimwe, na si kwa daktari wa kiwanda.

Shemeji hakulia. Kakaa kitandani, kasema, "Kwa hiyo siku ile hakunitania."

Aprili 22

Hospitali kubwa. Nimemshika mkono kuvuka, kautoa, kaushika tena.

Ubaoni kulikuwa na herufi. Kaka kazisoma zile za pembeni vizuri sana. Daktari, mama mmoja mpole mwenye haraka, kamwangazia taa hadi ndani kabisa, akatuonyesha kwenye kioo chake picha ya nyuma ya jicho. Mimi niliitazama kifundi, sikuweza kujizuia. Ilikuwa picha nzuri mno, mishipa myembamba kama nyuzi, kila kitu mahali pake, na doa katikati.

"Miwani?" kaka akauliza.

"Haitasaidia, baba."

"Upasuaji?"

"Kwa ugonjwa huu, hapana. Ila kingo za jicho huwa zinabaki. Utatembea, utajihudumia."

"Kwa hiyo nimebaki winga," kaka alisema.

Daktari hakuelewa, kaendelea kuandika. Kwenye fomu ya leseni kuna mahali pawili pa kuweka alama, anafaa au hafai. Kaweka alama pale pa pili.

Aprili 30

Karudisha sare. Kaniomba niipige pasi kwanza.

Mei 3

Mvua. Hatuchezi. Kioo nimekigeuza kielekee ukutani, kaka kakigeuza tena. Kasema kinampa mwanga pembeni.

Mei 8

"Nani alisema?" kaka kauliza leo, tukinywa chai. "Waliokuwa wanajua ni wawili tu."

Nikageukia kikombe changu. Nilikuwa na sukari mkononi.

"Wewe ni damu yangu," alisema. "Kwa hiyo ni Kengele."

"Pengine wameona wenyewe, kaka. Lile geti..."

"Ni Kengele. Anataka usukani. Miaka yote hiyo ananiita bosi, kumbe ananipimia kiti." Alisema bila hasira, kama anasoma tangazo. "Akija hapa sipo."

Nilifungua mdomo. Nikaujaza mkate.

Mei 10

Kengele kaja. Kalowa, kaleta mfuko wa machungwa. Kaka yuko sebuleni, anaonekana kutoka mlangoni, amekaa wima.

"Hayupo," nikasema.

Kengele kamtazama kaka juu ya bega langu, kisha kanitazama mimi. "Mwambie bosi basi limepewa kijana wa watu. Mimi wameniondoa, eti nilijua nikanyamaza. Nimekuja kumuaga tu."

"Nitamwambia."

"Mwambie mbele peupe."

Kashuka ngazi. Kaka kauliza kutoka ndani, "Alitaka nini?"

Nikamwambia kaleta machungwa. Kasema nikayatupe. Nimeyaweka chini ya kitanda changu, chumba kizima kinanuka.

Mei 14

Mvua zinakwisha. Asubuhi kulikuwa na jua, kaka kalijua kwa ngozi. Mimi tangu jana nimejaribu kumwambia mara nne. Mara ya kwanza shemeji aliingia. Mara ya pili hakuingia mtu. Mara ya tatu nilisema, "Kaka, kuhusu Kengele," naye akasema, "Jina hilo lisitajwe katika nyumba yangu," nami nikashukuru kama mtu aliyepewa likizo. Mara ya nne nimetumia hila, kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichojifunza vizuri. Nimeandika kwa herufi kubwa, kila moja kama ngumi, kwenye ukurasa mzima wa daftari hili: NI MIMI NILIYESEMA. KENGELE HANA KOSA. Nikaliacha daftari wazi juu ya meza, mahali anapokaa. Nikajiambia nimemwambia.

Kaja. Kapapasa ukingo wa meza, kavuta kiti, kaketi. Mkono wake ukalikuta daftari, ukalisawazisha vizuri kwa kiganja. Kisha akaweka kikombe chake juu yake.

"Meza leo ina kitambaa," alisema. "Afadhali. Kikombe kilikuwa kinaunguza mbao."

Nikamwambia ndiyo, nimetandika. Kaniambia asante, mdogo wangu. Amekunywa chai yote, ameondoka, na sasa naandika hapa pembeni, nikizunguka duara la chai lililobaki katikati.